Uzi wa Kilomita 6,840

Chukua uzi na tufe la dunia. Bana ncha moja kwenye Uwanja wa Heathrow, London, na nyingine kwenye Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kisha uvute mpaka ukaze. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, takriban kilomita 6,840. Inakatiza Ufaransa, inagusa Sicily, inavuka bahari hadi Libya, halafu inapita Sudan, si mbali na mji wa El Obeid.

Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa, safari hiyo ingekwisha kwa saa 7 na dakika 36. Tiketi huandika saa 8 na nusu, pengine zaidi. Saa nzima imepotelea wapi?

Sehemu yake huishia chini, kwani tiketi huhesabu tangu ndege inaposukumwa kutoka langoni hadi inapoegeshwa. Sehemu nyingine huliwa na kupaa na kushuka. Anayerudi London aongeze na foleni ya angani: Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, hivyo ndege zinazotoka kwetu huzungushwa juu ya Biggin, kusini mashariki mwa jiji, zikishushwa futi 1,000 kila zamu inaposogea. Nimewahi kuona taa zilezile za barabarani zikirudi dirishani mara tatu.

Upepo nao una neno. Februari 2020 dhoruba ilisukuma ndege kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Njia yetu huelekea zaidi kusini, kwa hiyo upepo huo wa magharibi huikata ubavuni badala ya kuisukuma mgongoni.

Linaloniuma ni vita. Libya ilianza kukwepwa miaka mingi iliyopita; mapigano ya Sudan yalipozuka Aprili 2023, anga yake nayo ikafungwa. Nimepima upya kwa uzi, safari hii nikiupitisha juu ya Bahari ya Shamu: njia inarefuka kwa kilomita 360 hivi. Hizo ni dakika 24, na kwa ndege kubwa ni kama tani 2 za mafuta, kila safari.

Wakati mmoja Khartoum, mji mkuu wa Sudan, ilikuwa kituo. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya barua kutoka London hadi Mwanza, ikipitia mji huo. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet, ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, ilitua Khartoum kabla ya Entebbe, ikielekea Johannesburg.

Siku hizi, usiku, abiria wengi wakiwa wamelala, mimi huitazama ramani kwenye kioo cha kiti. Juu ya Misri ile alama ndogo ya ndege huinama mashariki, kuelekea baharini. Khartoum inabaki upande wa kulia, mbali, na dirishani ni giza tupu.