Jihadhari na matapeli wa dawa za kung'arisha meno mtandaoni

TABASAMU lenye meno meupe limegeuka kuwa biashara kubwa katika mitandao ya kijamii. Mkazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Arusha anayefungua simu yake hukutana na matangazo ya jeli, vibandiko, unga wa mkaa na vifaa vya taa ya buluu, vyote vikiahidi kuyang'arisha meno kwa siku chache na kwa bei nafuu.

Si matangazo yote ni ya uongo. Hata hivyo, miongoni mwa wauzaji halali wamejipenyeza matapeli wa aina mbili. Wapo wanaopokea fedha na kutoweka, na wapo wanaoleta mzigo kweli, lakini mzigo wenyewe hauna faida au una madhara. Wa kwanza humwachia mnunuzi hasara ya mfukoni. Wa pili huweza kumwachia hasara ya kudumu, kwa kuwa enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikishalika haioti tena.

Mtego wa 'jaribu bure'

Mbinu inayojulikana sana kimataifa ni ile ya kumpa mteja bidhaa ya majaribio kwa bei ya kutupa. Mwaka 2017, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifungua shauri dhidi ya mtandao wa kampuni zilizouza dawa za kung'arisha meno kwa njia hiyo. Ilidaiwa kuwa wateja waliahidiwa kifurushi cha majaribio kwa dola 1.03 pamoja na gharama za kusafirisha, kumbe wakaingizwa katika malipo ya takriban dola 200 kila mwezi bila kufahamu.

Siri ya mtego huo ni namba ya kadi ya benki. Mteja akishaiandika ili kulipa kiasi kidogo, muuzaji hupata mlango wa kuendelea kukata fedha, huku masharti yakiwa yamefichwa kwa maandishi madogo chini ya ukurasa.

Katika mazingira yetu, ambako malipo mengi hufanywa kwa simu, utapeli huja kwa sura nyingine. Muuzaji hutaka alipwe kwanza, tena kwa namba iliyosajiliwa kwa jina lisilofanana na la duka lake. Baada ya kulipwa hudai kuwa mzigo umekwama forodhani na unahitaji fedha za kuukomboa. Mnunuzi akituma tena, huzuiwa asiweze kupiga simu wala kuandika ujumbe.

Kilichomo ndani ya chupa

Kemikali inayong'arisha meno kwa kawaida ni haidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi ambayo huizalisha. Kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 hutoa takriban asilimia 3.5 ya haidrojeni peroksaidi.

Katika Umoja wa Ulaya, kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2012, bidhaa anayouziwa mtu yeyote dukani haipaswi kuzidi asilimia 0.1 ya kemikali hiyo. Yenye zaidi ya kiwango hicho hadi asilimia 6 huuzwa kwa madaktari wa meno tu, na hairuhusiwi kwa walio chini ya miaka 18. Dawa kali isiyo na usimamizi huunguza fizi na kuyafanya meno yashtuke kwa baridi na moto.

Kwa hiyo, bidhaa isiyotaja kemikali zake wala kiwango chake haifai kununuliwa. Aidha, peroksaidi hupungua nguvu kwa joto na kwa muda, hivyo tarehe ya mwisho wa matumizi ni jambo la lazima.

Kuhusu mkaa, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hayakupata ushahidi wa kutosha kuthibitisha usalama wala ufanisi wake. Dawa za rangi ya zambarau nazo huficha umanjano kwa muda mfupi tu.

Madoa ya maji ya Arusha

Wanaoshawishika kwa urahisi zaidi ni watu wenye madoa ya kahawia yatokanayo na floraidi nyingi katika maji ya kunywa utotoni, hali inayofahamika Arusha, maeneo ya Meru na sehemu za Bonde la Ufa nchini Kenya. Madoa hayo yamo ndani ya enameli yenyewe. Yakiwa mazito, jeli ya kupaka nyumbani haiyaondoi, na mara nyingine hufanya mabaka meupe yaonekane zaidi. Daktari wa meno anaweza kuyasugua kitaalamu, kuyaziba au kuyafunika.

Vivyo hivyo, meno bandia na yaliyozibwa hayabadiliki rangi kwa dawa hizo, na jino lililotoboka linahitaji matibabu kabla ya urembo.

Kabla ya kulipa

Tafuta anwani halisi ya duka na jina la mtengenezaji. Chunguza picha za 'kabla na baada'. Zikionekana pia kwa wauzaji wengine wenye majina tofauti, huenda zimeibwa. Omba kulipa baada ya kuuona mzigo. Nchini Tanzania, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, hivyo muuzaji wa bidhaa halali hapaswi kukasirika anapoulizwa kuhusu usajili.

Aliyekwisha kutapeliwa atunze ujumbe wa muamala, namba na picha za mazungumzo, aijulishe mara moja kampuni ya simu au benki yake, kisha atoe taarifa polisi. Aliyetoa namba ya kadi aiombe benki iifunge kadi hiyo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ada ya kumwona daktari wa meno huenda ikaonekana kubwa kuliko bei ya chupa ya mtandaoni, lakini ni ndogo kuliko gharama ya kutengeneza meno yaliyoharibika.