Unahamia Uingereza na Watoto? Karo Hakuna, Malezi Ndiyo Gharama

Familia nyingi zinazojiandaa kuhamia Uingereza kwa kazi huanza na akiba ya karo. Huko hesabu ni tofauti: shule ya serikali ni bure, ila kumlea mtoto mdogo ukiwa kazini ndiko kunakomaliza mshahara. Hapa tunazungumzia England. Scotland na Wales zina taratibu zao.

Kwanza, viza
Angalia kama viza yako inaruhusu watoto. Kuanzia 11 Machi 2024, waliopewa viza mpya za kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani hawakuruhusiwa kuja na watoto wao, na mwaka 2025 viza hizo zilifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza. Yeyote anayekuahidi "njia nyingine" kwa malipo, mkimbie.

Shule
Watoto wengi huanza shule mwezi wa Septemba baada ya kufikisha miaka 4, katika darasa liitwalo Reception. Mwaka wa shule ni Septemba hadi Julai, na mtoto huwekwa darasa kulingana na umri, si gredi aliyoacha Kenya. Kuhusu maombi, anza na halmashauri ya eneo mtakaloishi. Shule ya karibu ikijaa, mtoto anaweza kupelekwa ya mbali, kwa hivyo uliza kabla hujalipia nyumba. Sare utanunua mwenyewe, lakini chakula cha mchana ni bure kwa madarasa matatu ya kwanza.

Mtoto ambaye hajafika shule
Watoto wa miaka 3 na 4 hupata saa 15 za nasari bure kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka. Kumbuka zamu moja ya nesi inaweza kuwa saa 12, kwa hivyo saa hizo huisha haraka. Ziko pia saa 30 za wazazi wanaofanya kazi, lakini ikiwa viza za wazazi wote zinawazuia kupata misaada ya serikali, hamtazipata.

Kuajiri yaya kama hapa nyumbani si rahisi, kwa sababu sheria inataka alipwe angalau kima cha chini cha mshahara kwa kila saa. Wengine humpeleka mtoto kwa mlezi aliyesajiliwa na Ofsted, au mama na baba hupishana zamu. Wengine huacha mtoto kwa shosho kwanza na kutuma pesa za matumizi kila mwezi.

Linda pesa zako
Kuomba nafasi katika shule ya serikali hakulipiwi. Mtu akikuambia utume pesa "ya kushikilia nafasi", huyo ni tapeli. Nasari ya kibinafsi inaweza kuomba amana. Thibitisha usajili wake kwenye tovuti ya Ofsted kisha ulipe nasari yenyewe, si namba ya mtu binafsi. Ukishatuma kwa tapeli, tupigie mara moja, kabla hajatoa pesa. Na PIN yako usimpe mtu, hata akijiita mfanyakazi wetu.

Basi ile akiba ya karo, ibadilishe jina: iwe akiba ya malezi. Piga hesabu ya zamu zenu wote wawili kabla ya kununua tiketi ya mtoto.