Je, Wajua? Meno ya Msumeno wa Mnyororo Yalitoka Kinywani mwa Buu

Mwaka 1946, katika jimbo la Oregon, Marekani, mkata miti aitwaye Joseph Buford Cox alikuwa akichanja kuni, akasimama kutazama kisiki kilichobunguliwa. Ndani yake mlikuwa na buu wa mbawakawa, ukubwa wake sawa na kidole cha shahada, akitafuna mti mgumu bila taabu. Alifuata nyuzi za mti alipotaka, na alipotaka alizikata kwa kuvuka. Misumeno ya injini ilikuwepo tayari, lakini meno yake yaliigwa kutoka msumeno wa mkono: yalikwaruza mbao na kupoteza makali upesi. Cox alichunguza taya za yule buu akaona zimepinda kama herufi C, moja ikichonga upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto. Mwaka 1947 alianza kuuza mnyororo wenye meno ya namna hiyo, akiutengeneza katika chumba cha chini ya nyumba yake mjini Portland. Mpaka leo, minyororo inayoangusha misindano kwenye shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, Tanzania, inafuata umbo lile la taya.

Ukilitazama jino moja kwa karibu utaona lina sehemu mbili. Nyuma kuna ncha iliyopinda, ndiyo inayokata. Mbele yake kuna kinundu kifupi kisichokata chochote. Kazi ya kinundu ni kuizuia ncha isizame kupita kiasi, na katika minyororo mingi huwa chini ya ncha kwa takriban milimita 0.65 tu. Katika nafasi hiyo ndogo ndimo ulimo usalama wa mtumiaji. Wapo wanaokipiga tupa kinundu mpaka kiishe ili msumeno "ule" haraka. Hapo jino huuma kipande kikubwa kuliko nguvu ya injini, mnyororo hukwama na kuachia, na mashine nzima huruka mikononi.

Jino butu nalo ni hatari, ingawa wengi hulidharau. Msumeno wenye makali hujivuta wenyewe ndani ya mti na kutoa vipande vinavyoonekana. Ukianza kutoa unga laini, meno yamekufa. Anayeendelea hivyo hulazimika kuusukuma kwa mwili wake, akachoka, na mnyororo ukapata moto. Wapasuaji wa mvule wanalijua hili vizuri, kwani ndani ya mti huo mara nyingine mna mawe ya chokaa yaliyojijenga mti ungali hai, na jiwe moja hutosha kuharibu makali ya mnyororo mzima. Tupa ya mviringo yenye kipenyo kinacholingana na mnyororo, ikisukumwa kuelekea mbele tu na kwa pembe ileile kwa kila jino, hurudisha makali kwa dakika chache. Kila unapojaza petroli, pitisha tupa.

Sasa tuseme juu ya teke la msumeno, maana ndilo linalopasua nyuso. Injini ikiwa imekolea, mnyororo hukimbia mita 20 kwa sekunde au zaidi. Robo ya juu ya ncha ya bapa, kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo, ikigusa tawi au gogo, meno hayana nafasi ya kukata. Nguvu yote hurudi, na bapa huruka juu na nyuma kuelekea kichwa cha aliyeshika msumeno, kabla hajawahi hata kupepesa jicho. Ndiyo maana kuna kinga mbele ya mkono wa kushoto: ikisukumwa, breki hukamata mnyororo mara moja. Breki hiyo ijaribiwe kila asubuhi. Kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini, mwili ukae kando ya mstari wa mnyororo, na usikate kamwe juu ya mabega.

Injini yenyewe haina hazina ya oili kama ya gari. Hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli, kwa kawaida mililita 100 katika lita 5, na mchanganyiko ufanywe ndani ya dumu, si ndani ya tangi. Petroli tupu hukwaruza pistoni na silinda, na kwa muda mfupi injini hukwama. Mnyororo una tangi lake jingine la oili. Huku kwetu wengi hulijaza oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Nawasihi waache: ina chembe za chuma na kemikali zenye sumu, na mnyororo huirusha hewani na kwenye ngozi siku nzima.

Kelele za msumeno hupita desibeli 100, wakati masikio huanza kudhurika kwa kazi ya kutwa nzima yenye desibeli 85. Mtetemo nao, miaka ikipita, huharibu mishipa midogo ya vidole, vikawa vyeupe na kufa ganzi, hasa kwenye baridi ya nyanda za juu.

Kilichonivutia kuliko vyote ni suruali maalumu ya kazi hii. Ndani yake mna tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa paja, nyuzi huchomoka, hukimbilia kwenye gurudumu linalouzungusha na kulisonga, mnyororo ukasimama. Jinzi ya kawaida haiwezi kufanya hivyo. Suruali ikishakatwa mara moja hutupwa, kwa kuwa kushona hakurudishi nyuzi mahali pake, na mpya ni ghali kwa kibarua anayelipwa kwa siku. Bei yake iwe kwenye hesabu ya mwenye shamba, pamoja na petroli na mnyororo.