Mifupa ya Mtoto Hujengwa Nyumbani

Siku moja kliniki tulimpokea mama mwenzetu aliyembeba mgongoni binti wa mwaka mmoja na miezi minane. Mtoto alikuwa msafi na mnene, lakini hajatembea bado. Tulipomsimamisha, miguu yake ilikuwa imepinda kama upinde.

"Sista, nimemtunza sana," mama alisema. "Tangu azaliwe hajapigwa na jua."

Hapo ndipo tulipopata jibu.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande karibu 300, na vingi bado vina gegedu, laini kama lile la sikio. Hiyo ni hekima ya Muumba. Vipande vya fuvu havijaungana, ili vikaribiane mtoto anapopita njia ya uzazi. Ndiyo maana utosi hudunda. Ule wa mbele kwa kawaida hufunga kabla ya miaka 2. Vipande vingine huungana polepole mpaka ujana uishe.

Gegedu hugeuka mfupa mgumu kwa kupata madini ya chokaa. Mwili hauwezi kuyafyonza vizuri bila vitamini D, ambayo ngozi hutengeneza ikipigwa na jua. Maziwa ya mama ni chakula bora, lakini vitamini hiyo ni kidogo ndani yake. Mtoto akifichwa ndani, mifupa hubaki laini na uzito wa mwili huipinda. Huo ndio ugonjwa wa matege. Si uchawi, wala hauletwi na mbeleko.

Basi tufanye nini?

Tumtoe mtoto juani kwa muda mfupi kila siku, akiwa na nguo chache, bila kumwunguza. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii. Akianza kula, tumpe maziwa, kiini cha yai, na dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao.

Tege kidogo kabla ya miaka 2 ni kawaida kwa watoto wengi. Lakini akichelewa kukaa au kutembea, vifundo vya mikono vikiwa vinene, au miguu ikizidi kupinda, tumpeleke hospitali mapema. Tusimfunge vijiti wala kumkanda miguu kwa nguvu. Dawa ipo, na mara nyingi mifupa michanga hujinyoosha yenyewe. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa binti, tuangalie na mbele zaidi. Matege yakipuuzwa, nyonga zinaweza kukua zikiwa finyu, na siku ya kujifungua akapata taabu kubwa. Jua tunalomnyima leo, huenda akalilipia akiwa mama.

Yule binti alipewa dawa, na mama yake akaanza kumtoa nje. Miezi kadhaa baadaye walirudi kliniki. Safari hii hakubebwa. Aliingia kwa miguu yake, ameshika pindo la kanga ya mama.