Hadithi Fupi za Kila Juma

Kuwapata marafiki watano watakaokubali kutunga hadithi si kazi. Kazi ni kuwaona wote watano wamemaliza. Jambo hili liliwapata hata watu waliokuwa mabingwa wa kuandika.

Mwaka 1815 mlima wa moto wa Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulipasuka, na vumbi lake likaenea angani hata nguvu za jua zikapungua. Mwaka uliofuata sehemu nyingi za Ulaya zilikosa kiangazi. Mwezi wa Juni 1816 Waingereza wachache walikuwa wakikaa kando ya ziwa la Geneva, katika Uswisi, na mvua ikawafungia nyumbani. Mmoja wao, Lord Byron, mshairi mwenye sifa kubwa, akasema kila mtu na atunge hadithi ya mizuka. Wote wakakubali. Byron mwenyewe akaandika kipande, akakiacha. Percy Shelley, mshairi mwenziwe, naye akaanza, akachoka upesi. John Polidori, tabibu wa Byron, baadaye alilitumia wazo la kile kipande, akatunga hadithi iliyopigwa chapa mwaka 1819. Lakini Mary, msichana wa miaka 18, aliulizwa kila asubuhi kama amepata hadithi, na kila asubuhi ilimpasa kujibu kwamba hajapata. Huyo ndiye aliyetunga Frankenstein, kitabu kilichotoka mwaka 1818, na hata leo chasomwa.

Mapatano yao yalikosa mambo mawili: kikomo cha urefu na siku ya kusomeana. Kikomo chaweza kuwa kidogo sana. Katika miaka ya 1980 chama kimoja cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilishika kanuni ya hadithi ya maneno 100 kamili, bila kuzidi wala kupungua. Nasi wenye Kiswahili tuna nafasi kubwa zaidi, maana neno letu moja hubeba mzigo mzito. Neno “hatutawaonyesha” Mwingereza hulisema kwa maneno matano. Kwa hiyo twaweza hata kushuka chini ya 100. Tazama hii, iliyotungwa juu ya neno “ufunguo”:

“Mama yake alipofariki, Yohana aliachiwa ufunguo. Akaujaribu katika kila kufuli la nyumba, hakuna lililofunguka. Baada ya matanga akaja mzee asiyemfahamu, amejitwika sanduku. ‘Mimi niliweka sanduku,’ akasema, ‘yeye akaweka ufunguo. Hatukuaminiana.’”

Hayo ni maneno 30 tu. Hatukuambiwa sandukuni mna nini. Kama tungaliambiwa, hadithi ingalikuwa ndefu zaidi, nayo ingalipoa.

Basi chagueni siku, kama Ijumaa baada ya masomo, wala msiibadili kwa sababu ndogo. Kila juma mmoja wenu, kwa zamu, atoe neno la kutungia. Neno la kitu kishikikacho mkononi, kama chumvi, jembe au kiatu, ni bora kuliko neno kama “upendo”, kwa kuwa upendo huwafanya watu kuhubiri. Kila mtu aandike peke yake, ayahesabu maneno, kisha asome mwenyewe kwa sauti. Yakizidi, aanze kukata mwanzoni, maana wengi wetu huchelewa kuingia katika hadithi: twaeleza kijiji, ukoo na hali ya hewa kabla mtu yeyote hajafanya neno.

Msomaji akiisha, asiulizwe kama hadithi ni nzuri au mbaya. Kila msikilizaji amwambie mahali alipotaka sana kujua litakalofuata, na mahali mawazo yake yalipotangatanga. Hukumu ya namna hiyo haimvunji mtu moyo, tena humfaa kuliko sifa. Asiyepata hadithi juma hilo alete sentensi moja, lakini aje. Akikaa nyumbani mara mbili kwa haya, mara ya tatu hatarudi.

Wekeni na daftari moja, ambamo kila hadithi itanakiliwa kwa wino pamoja na tarehe na jina la mtunzi. Mwenye kulitunza abadilishwe kila mwezi.