Neno "tell" kwenye karatasi ya dawa

Ukifungua boksi la dawa utakuta karatasi iliyokunjwa. Mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, na herufi zake ni ndogo mno. Wengi wetu tunaitupa. Usiitupe! Tafuta kwanza neno "tell".

"Tell" maana yake ni ambia. "Tell your doctor" ni mwambie daktari wako. Yanayofuata hapo ni mambo ambayo daktari lazima ayajue, mara nyingi kabla hujameza dawa. Ukiona "pregnant", ni mwenye mimba. "Breastfeeding" ni kunyonyesha. "Allergic" ni mtu ambaye kitu fulani humdhuru, pengine humtoa vipele au kumvimbisha uso. Basi mama mwenye mimba changa akinyamaza, daktari atajuaje? Na dawa nyingine humdhuru mtoto tumboni. Ukishindwa kuisoma, nenda nayo zahanati ukaulize.

Liko neno jingine, "say", yaani sema. Tofauti yake sisi tunayo tayari. Huwezi kutumia "ambia" bila kumgusa anayeambiwa: niambie, mwambie, tuambieni. "Tell" nayo mara nyingi ni hivyo hivyo. "Tell me" ni niambie. Lakini "say me" ni kosa, ingawa hata waliokaa sana shuleni hulisema.

Zamani "tell" ilikuwa pia kuhesabu. Ndiyo maana kwenye dirisha la benki huandikwa "Teller". Huyo si msema maneno, jamani. Ni mhesabu fedha.