Pengo Moja Huita Jingine

Katika neema za Mwenyezi Mungu zilizo karibu mno na mtu hata akazisahau, meno ni mojawapo. Mtoto hupewa 20, mtu mzima hupewa 32, wala hapana aliyetozwa senti kwa ajili yake. Thamani yake hujulikana siku lipotokapo moja. Makala hii twaiandika kwa nyumba zote za Waislamu, na hasa kwa ndugu zetu wa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, katika nchi ya dhahabu, ambako kijana aliyepata fedha za machimbo aweza kudhani kuwa dawa ya pengo ni jino linalong'aa.

Sababu za Kupotea kwa Meno

Sababu ya kwanza ni kuoza. Vijidudu vikaavyo katika ukoga hula sukari tuilayo na kutoa asidi, na asidi hiyo hutoboa jino kidogo kidogo. Ya pili ni ugonjwa wa fizi: fizi hutoka damu, mfupa unaoshika jino hupungua, na jino zima lisilo na tundu hulegea likaanguka. Ya tatu ni ajali, kama vile kuanguka na pikipiki, ambayo huchukua meno ya mbele.

Katika machimbo madogo ya dhahabu iko hatari nyingine. Wako wachimbaji wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha wakaichoma. Mvuke wake ukivutwa kwa wingi na kwa muda mrefu hudhuru ubongo na figo, tena huvimbisha fizi na kulegeza meno. Basi haifai kabisa kuchoma zebaki nyumbani, karibu na watoto.

Wazazi pia yawapasa wajihadhari na kile kiitwacho "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki". Katika sehemu mbalimbali za Tanzania, mtoto mchanga akipata homa au kuhara, hudaiwa kuwa ufizi wake una meno mabaya, naye huchokolewa kwa chombo kisicho safi. Kitolewacho ni kichipukizi cha chonge lake la haki. Ugonjwa wenyewe hubaki bila kutibiwa, na chonge la ukubwani laweza kuota likiwa na kasoro au lisiote kamwe. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali.

Jino Linalodhaniwa la Utoto

Mtoto afikapo miaka 6 hivi, gego kubwa huota nyuma ya meno yake yote. Kwa kuwa halikutanguliwa na jino lililong'oka, wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto, na likioza husema, "Litaota jingine." Halioti! Hilo ni jino la maisha, na mara nyingi ndilo la kwanza kupotea.

Wala hasara haiishii hapo. Jino la nyuma huinamia pengo, na lile la taya la pili, kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye, huchomoza kulifuata. Chakula hukwama, usafi huwa mgumu, na meno jirani huanza kuoza au kulegea. Ndiyo maana twasema pengo moja huita jingine.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jino lenye tundu dogo huzibwa. Si lazima ling'olewe. Tena tukumbuke kwa shukrani kuwa njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono, bila umeme wala mashine, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kisha ikaenea ulimwenguni.

Mapengo Hayafanani

Mnamo 1925 daktari wa Marekani, Edward Kennedy, aliyagawa mapengo katika mafungu manne. La kwanza ni kukosa magego ya nyuma pande zote mbili. La pili, upande mmoja tu. La tatu, pengo lenye meno mbele yake na nyuma yake. Na la nne, pengo la mbele katikati ya kinywa. Mgawanyo huu una faida. Penye meno pande zote mbili, jino la bandia hupata pa kuegemea. Pasipo na jino nyuma, hukalia ufizi, nalo hucheza wakati wa kutafuna.

Lipi la Kuchagua?

Kwanza, si kila pengo lihitajialo kuzibwa. Uchunguzi wa Paulo Sarita na wenzake, uliofanywa Tanzania na kuchapishwa 2003, ulionyesha kuwa mtu mwenye meno ya mbele na magego madogo yaliyo kamili, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, huweza kutafuna vya kutosha.

Pili, yako meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Ya plastiki ndiyo nafuu zaidi. Yenye kiunzi cha chuma ni membamba na imara, lakini bei yake ni kubwa. Yavuliwe usiku, yasuguliwe, na yalazwe katika maji baridi. Maji ya moto huyapinda.

Tatu, liko daraja lisilovuliwa, lakini kwa kawaida meno jirani hupunguzwa ili lishike. Nne, liko pandikizi la titani lifungwalo katika mfupa, ambalo Brånemark wa Sweden alianza kuwawekea watu mwaka 1965. Hilo ni ghali, na huhitaji mfupa wa kutosha na usafi wa daima.

Jino la Dhahabu

Imepokewa katika Hadithi za Abu Daud na Tirmidhi kwamba sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha, nayo ikanuka, ndipo Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Kwa habari hiyo wanazuoni wengi wameruhusu mwanamume kufunga meno kwa dhahabu panapo haja. Lakini haja ndiyo msingi wa ruhusa hiyo. Kijana anayevisha dhahabu jino zima ili aonekane hana haja. Tena jino zima hukatwa ili kofia hiyo ikae. Leo viko vyuma vingine vifanyavyo kazi hiyo vizuri.

Mtume (s.a.w.) aliusisitiza mswaki hata akakaribia kuufaradhisha kwa kila Sala. Tushike Sunna hiyo, tuongeze dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na usiku, tupunguze soda na peremende, na tuwaonyeshe watoto wetu kwa mganga wa meno kabla hawajalia. Fedha ya kuziba tundu la leo ni ndogo kuliko fedha ya jino la bandia la kesho.